Mtoto Ameenda Chuo, Simu Imebaki na Nani?

Kuna mama mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiuza mahamri na mbaazi kwenye baraza ya nyumba yake. Wateja wake ni watu wa kwenda kazini, watoto wa shule, na wazee wanaotoka msikitini alfajiri. Tangu watu wazoee kulipa kwa simu, kila meseji ya malipo ilikuwa ikisomwa na bintiye, kitinda mimba. "Mama, imeingia mia na hamsini." "Mama, huyu ametuma hamsini, bado thelathini." Mama mikono ina unga, binti macho yako kwenye simu, na kazi inakwenda.

Septemba binti akaenda kuanza masomo Chuo Kikuu cha Moi, kule Kesses, nje kidogo ya Eldoret. Mama akamsindikiza mpaka Mwembe Tayari, akampandisha basi la jioni na sanduku, ndoo, blanketi mbili na mkebe wa achari ya embe. Akarudi nyumbani. Kesho yake alfajiri mteja wa kwanza akachukua mahamri yake, akasema, "Mama, nimetuma." Mama akaiangalia simu. Simu nayo ikamwangalia.

"Hapo ndipo nilipojua kweli ameondoka," alituambia. "Si usiku ule. Usiku ule nililia nikalala. Ni ile asubuhi, mtu aliponiambia ametuma."

Makala haya tumewaandikia wazazi kama yeye. Kila mwaka, watoto wanapoanza kuripoti vyuoni Agosti na Septemba, wenzetu wa huduma kwa wateja hupokea simu za aina moja. Ni sauti ya mtu mzima, inauliza pole pole, kama inaona haya: "Samahani mwanangu, nikitaka kuangalia salio nabonyeza wapi?" Ukiuliza siku zote ilikuwaje, jibu ni lile lile. Alikuwapo mtoto.

Nyumba ikipungua mtu mmoja

Si watoto wote wa kisiwani wanakwenda mbali. Anayesoma Chuo cha Ufundi pale Tudor, TUM, anaweza kurudi kula chakula cha mchana kwao. Wa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, unamwona wikendi, amebeba nguo chafu. Vyuo hivi viwili vilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, na wazazi wengi wa Mombasa walipumua. Lakini nafasi za vyuo vya umma zinapangwa kitaifa, na kozi aliyoitaka mwanao huenda iko Njoro, Maseno, Juja au Eldoret. Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 700. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inakufikisha Nairobi, haikufikishi Eldoret. Baada ya hapo bado kuna safari nyingine ya kupanda milima. Na kule kuna baridi ambayo mtoto wa Kibokoni hakuwahi kuiona.

Watu wa Mombasa hawakuanza leo kuagana na watoto. Zamani kijana alipelekwa Lamu kusoma dini Riyadha, na nyumbani wakasubiri habari zake mpaka atokee mtu aliyetoka huko. Baadaye ikawa barua, na pesa za matumizi zikienda kwa hawala ya posta, au ndani ya bahasha aliyokabidhiwa dereva wa basi huku ukimwomba Mungu dereva awe mwaminifu. Kutuma pesa kwa simu kulianza Kenya Machi 2007. Kwa hiyo mzazi wa leo ni kizazi cha kwanza kuweza kumlisha mtoto aliye Eldoret akiwa amekaa barazani Mji wa Kale, kwa kubonyeza tu. Tatizo ni kwamba wengi wetu tuliachia watoto hao hao ndio watubonyezee.

Mambo mengine ya kuzoea hayatuhusu sana sisi watu wa malipo, lakini tumeyasikia mengi na hatuwezi kuyapita. Mama wa Kibokoni anasema mpaka Oktoba alikuwa bado anapika wali wa watu watano wakati nyumbani wamebaki watatu. Mkono ulikuwa haujajua. Mzee mmoja wa Makadara, aliyestaafu kazi bandarini, sasa hukaa kwenye kahawa mpaka wenzake wote wanaondoka. Zamani alikuwa akirudi mapema ili amfungulie mlango kijana wake. Sasa hana wa kumfungulia. Mzee huyu ndiye aliyetuambia kwamba kwa miezi miwili ya kwanza hakumpigia mwanawe hata mara moja. Alikuwa akimtumia pesa tu kila Ijumaa. "Nilidhani meseji ya pesa ikifika, ameshajua namkumbuka."

"Tuma kwa hii namba"

Turudi Kibokoni. Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa baada ya Maghrib, meseji iliingia kwenye simu ya mama. Ilisema: "Mum ile pesa usitume kwa line yangu iko na shida. Tuma kwa hii namba ya rafiki yangu." Na namba chini yake.

Ikawa kweli kuna "ile pesa". Binti alikuwa amesema anahitaji elfu tatu na mia tano za vitabu na kufotokopi, na mama alikuwa amezikusanya tangu Jumatatu, hamri kwa hamri. Akatuma. Kabla pesa haijaondoka, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji, kama inavyofanya siku zote. Jina la mwanamume, ukoo asioujua. Lakini miwani ilikuwa ndani juu ya kabati, na siku zote jina lilikuwa likisomwa na binti. Akabonyeza kuthibitisha.

Jumapili binti akapiga. Salamu kwanza, habari za baridi, habari za mhadhara wa saa moja asubuhi. Mwisho akauliza kwa haya, "Mama, zile za vitabu bado?"

Watu wanaoandika meseji hizi hawamjui mama wa Kibokoni wala bintiye. Wanatuma ujumbe ule ule kwa namba nyingi, wakijua kwamba msimu huu lazima utamkuta mzazi mmoja ambaye kweli alikuwa karibu kutuma. Hawahitaji kujua lolote juu yako. Hofu yako ndiyo inayowajazia nafasi iliyobaki. Ndugu ya meseji hii ni ile simu ya usiku: "Mwanao ameanguka, yuko hospitali, daktari anataka pesa kwanza." Anayepiga huzungumza haraka, na ukitaka kuongea na mtoto anasema hawezi kuongea.

Mama alipotupigia Jumapili ile, pesa zilikuwa zimeshatolewa tangu Ijumaa usiku. Hatukuweza kumrudishia. Tunasema wazi kwa sababu watu wengi hudhani sisi tuna kitufe cha kurudisha kila kitu. Ombi la kurudishiwa pesa hufaa pale pesa zikiwa bado zimo kwenye akaunti ya aliyepokea. Hapo tunaweza kuzizuia wakati suala linaangaliwa. Zikishatolewa taslimu, kinachobaki ni kupiga ripoti polisi, kupata namba ya OB, na kutupatia sisi ili laini ile ifungwe isimkamate mwingine. Kwa hiyo ukigundua umekosea, usisubiri kesho, usione haya, wala usianze kumtumia meseji za kumbembeleza aliyekuibia. Omba kurudishiwa dakika ile ile.

Kuna baba wa Majengo aliyeokoka kwa njia iliyotuchekesha. Naye alipata meseji, imeandikwa "niko na shida". Akaisoma mara mbili, akaiweka simu chini, akamwambia mkewe: "Huyu si mwanangu. Mwanangu angesema n'na shida." Ni kweli, mtoto aliyelelewa Mombasa haandiki "niko na shida". Ila tahadhari, baba: ngoja amalize mwaka mmoja bara. Tumewaona wakirudi Desemba na Sheng mpaka mama anaomba mkalimani. Lugha isiwe kufuli lako la pekee.

Kufuli zuri ni kumpigia mtoto kwenye namba unayoijua. Si kujibu meseji, si kupiga namba uliyopewa. Asipopatikana, mpigie anayelala naye chumba kimoja, kwa hivyo hiyo namba uitafute kabla hajaondoka, pamoja na ya ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Na muwe na swali la nyumbani, jambo ambalo haliko Facebook. Mama wa Kibokoni na bintiye wanalo lao sasa. Linahusu paka. Hatutalisema hapa.

Mwenye shida ya kweli atakuwa bado na shida hiyo baada ya dakika kumi za kuulizwa swali. Mwizi ndiye asiyeweza kungoja.

PIN ya mama ilikuwa mwaka wa kuzaliwa mtoto

Baada ya binti kuondoka, na kabla ya ile Ijumaa, mama alikuwa amepata msaidizi: kijana wa jirani, miaka kumi na minne, mpole, hodari wa simu. Akiwa na kazi ya kutuma, mama alimwita kwa sauti kutoka barazani, na PIN akamtajia kwa sauti hiyo hiyo. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, nyumba zinapeana kivuli. PIN ile ilijulikana mpaka nyumba ya tatu.

Hatumshuku kijana. Lakini PIN ni kama ufunguo wa kabati la dhahabu, na ukishampa mmoja, hujui umewapa wangapi. Wakala pia hahitaji kuijua PIN yako, hata akiwa mnamjua tangu babu. Sisi wenyewe hatutakuuliza kamwe. Ukipigiwa na mtu anayejiita wa kampuni yetu akataka PIN au namba za siri zilizoingia kwa meseji, kata.

Tunachowashauri wazazi ambao mtoto bado hajasafiri ni hiki. Chukueni jioni moja. Mzazi ashike simu, mtoto akalie mikono yake, asiguse kitu, awe wa kusema tu. Mzazi atume shilingi mia, aangalie salio, alipe kwenye till ya duka, asome jina kabla ya kuthibitisha, akosee, arudie. Menyu badilisheni iwe ya Kiswahili kama ilikuwa ya Kiingereza. Maandishi ya simu yakuzeni mpaka yasomeke bila miwani, au basi miwani ipate kamba ishuke shingoni. Kisha mbadilishe PIN. Ya zamani mtoto anaijua, na mara nyingi ni mwaka wake wa kuzaliwa, kitu ambacho nusu ya mtaa inakijua. Mtoto ageuke aangalie ukutani wakati mnaibadilisha. Wengine hucheka hapo, wengine hununa. Nunueni na mcheke, lakini ibadilishwe.

Na kwa mnaouza vitu kama huyu mama: meseji ya kweli ya malipo hutoka kwa jina la huduma, haitoki kwa namba ya simu ya mtu. Kama umeonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja, hiyo si yako. Yako ni ile iliyoingia kwako, na salio likapanda.

Jambo jingine dogo ambalo hukumbukwa likishaharibika. Watoto wengi huondoka na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama, kwa sababu walipoipata walikuwa shuleni. Mtoto akipoteza simu kule Kesses, laini haiwezi kurudishwa bila mwenyewe, na mwenyewe yuko Kibokoni anakanda unga. Akishapata kitambulisho chake, asajili laini yake kwa jina lake. Faida ya pili ni kwamba ukimtumia pesa, jina linalotokea ni la mwanao kweli.

Siku ya pesa na siku ya salamu

Wengi wetu tunaoandika hapa tulikuwa wanafunzi juzi tu, miaka mitatu minne nyuma. Tunakiri: tulipiga nyumbani tarehe ishirini na nane. Tukianza na "Shikamoo mama", mama alikuwa anajibu "Marahaba, shilingi ngapi?" Ilikuwa mzaha, na haikuwa mzaha. Simu zote zilikuwa na pesa ndani yake, mpaka siku ukitaka kupiga kwa sababu umefeli mtihani, au umeumwa na unataka tu kusikia sauti, unaogopa. Watadhani unaomba.

Mzee wa Makadara aligundua jambo hili kwa njia ngumu. Mwanawe alikuwa mgonjwa wiki mbili mwezi Oktoba, malaria, na hakusema. Pesa za kila Ijumaa zilikuwa zikiingia, zikipokewa, na kijana akijibu "asante baba". Mzee alizisoma zile "asante" akalala usingizi. Alijua habari za ugonjwa kutoka kwa mama wa rafiki yake kijana, walipokutana Marikiti wakinunua viungo.

Tangu hapo wametenganisha. Pesa hutumwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi na ya tatu, kiasi kile kile, bila mtu kuomba. Simu hupigwa Jumatano baada ya Isha, na sharti la Jumatano ni kwamba pesa haitajwi. Mwanzo walikaa kimya sana, mzee anasema, dakika nzima inapita mnasikilizana mkipumua. Wiki ya nne kijana akamuuliza baba jinsi ya kupika mchuzi wa samaki kwa samaki wa mkebe. Mzee hajui kupika. Akatoka kwenye kahawa akaenda kumuuliza mkewe, akarudi, akapiga tena.

Sisi tunalipenda jambo hili kwa sababu zetu pia. Familia yenye siku maalum ya pesa ni ngumu kuibiwa: meseji ya "tuma kwa hii namba" ikija Jumanne, inajionyesha yenyewe. Tena inapunguza ada. Ukituma mia mbili mbili mara kumi unakatwa mara kumi, na mtoto naye akienda kwa wakala kila mara kutoa anakatwa tena. Kaeni na jedwali la ada, mpige hesabu kwa kiasi chenu. Na mtoto akilipa kantini au dukani moja kwa moja kwa till, hana haja ya kutoa taslimu.

Karo ni habari nyingine, isichanganywe na pesa ya matumizi. Ilipe mwenyewe kwenda kwa chuo, kwa namba ya malipo iliyo kwenye barua rasmi ya kujiunga au tovuti ya chuo chenyewe, ukiandika namba ya usajili ya mwanafunzi mahali pa akaunti. Usichukue namba ya karo kutoka kundi la WhatsApp la wazazi, hata aliyeituma akiwa ni ndugu yako. Huenda naye ameipata kwingine. Si kwamba humwamini mtoto. Elfu arobaini kwenye simu ya mtu wa miaka kumi na tisa, katika mji asioujua, ni mzigo mzito kuliko lile sanduku. Kuna michezo ya kubahatisha, kuna rafiki mwenye dharura, kuna mikopo ya simu inayodai kila asubuhi. Na kama mtoto ana mkopo wa HELB au basari ya kaunti, mkae mjue kwa pamoja ni kiasi gani na kinalipa nini. Tumewaona wazazi wakiuza vyombo vya nyumbani kulipia kitu ambacho mkopo ulikuwa umeshakilipa, kwa sababu tu kila mmoja aliona vibaya kumuuliza mwenziwe.

Wiki iliyopita tulipita Kibokoni asubuhi, tukanunua mahamri sita na mbaazi. Tukamwambia mama tumetuma. Alijifuta mikono kwenye leso, akavaa miwani iliyokuwa shingoni, akasoma jina zima la mwenzetu kwa sauti, lake, la babake na la ukoo, kama mwalimu anayeita rejista. "Haya, imeingia. Bado kumi."

Ndani mlangoni palikuwa na mkebe mwingine wa achari na bahasha ya papa mkavu, vimefungwa kwa gazeti na selotepu, namba ya binti imeandikwa juu kwa wino mzito. Basi la kwenda Eldoret lilikuwa liondoke jioni, na alikuwa hajamaliza kukanda unga wa kaimati.